Mkono Juu ya Bwawa

Mwaka uliotangulia, Delphine Rucker alikuja kwenye shindano la kwanza la binti yake akiwa na taulo moja na mkoba wa mkononi. Hakuwa na kiti wala hema. Alifika watoto wameshapasha mwili majini na kutoka, akamkuta Dess anatetemeka ukingoni, hajui ataogelea lini wala katika njia ipi. Mama mmoja mwenye kipaza sauti akamtazama, akamuuliza, "Wewe ni mzazi wa timu ya Fisimaji?" Delphine alipoitikia, akatiwa mkononi saa ya kupimia muda na kuonyeshwa njia ya nne.

"Kila mzazi hapa ana kazi," yule mama alisema. "Huyo mrefu atakufundisha."

Mrefu mwenyewe alikuwa Warren Pettus.

"Usiwaangalie watoto," alimwambia bila hata kumsalimia. "Angalia ile taa. Ikimulika, bonyeza. Mtoto akigusa ukuta, bonyeza tena. Na hivyo viatu vivue, vitaharibika."

"Vitaharibikaje?"

Kabla hajajibiwa, wavulana sita wakajirusha majini kwa pamoja, na Delphine akalowa kuanzia magotini mpaka kwenye nywele alizotoka kuzitengeneza jana yake. Warren hakucheka. Alimpa taulo lake, akageukia pembeni, na mabega yake ndiyo yaliyocheka.

Ndivyo ilivyoanza. Kiangazi kile chote walisimama pamoja kwenye njia ya nne kila Jumamosi asubuhi, miguu mitupu juu ya saruji iliyolowa, na kati ya kundi moja la waogeleaji na jingine walikuwa na muda mfupi wa kuongea. Humo ndimo alimojifunza kwamba hema hufungwa Ijumaa jioni, kabla wenye watoto wengi hawajamaliza kivuli. Kwamba taulo mbili hazitoshi. Kwamba namba ya shindano na ya njia huandikwa mkononi mwa mtoto kwa kalamu ya wino mzito, na kwamba wino ule hautoki kabla ya ibada ya Jumapili hata usugue namna gani. Kwamba mtoto akitoka majini haulizwi amekuwa wa ngapi. Huulizwa kama ana njaa.

"Nani alikufundisha yote haya?" alimuuliza siku moja.

"Makosa," Warren alisema. "Elliott wangu aliogelea hapa miaka kumi na moja. Nimekosea kila kitu kinachoweza kukosewa na baba."

Elliott alishakwenda chuo. Mama yake Elliott alishaolewa Ohio. Warren hakuwa tena na mtoto katika timu, lakini Jumamosi za Juni na Julai zilipofika miguu yake ilimleta bwawani yenyewe. Siku za kazi alikuwa mkaguzi wa madaraja wa jimbo. Alikuwa akining'inia chini ya barabara kuu kwa kamba na tochi, akitafuta nyufa. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho matulivu, na yale macho yakimtua Delphine usoni hayakuwa na haraka ya kuondoka.

Kiangazi kikaisha. Wakanywa kahawa. Majani yakapukutika, wakatembea. Theluji ikaja, akamsaidia kuikwangua kwenye gari. Mama Nadine, mama mkwe wake Delphine, alimtazama kupitia dirisha la jikoni, akasema, "Rafiki yako wa bwawani ana bidii sana kwa mtu wa bwawani."

Mama Nadine alihamia kwao wiki ile aliyozikwa Rodell. Alikuja kumsaidia mjane wa mwanawe na mjukuu wa miaka mitano, akaja na sufuria zake, Biblia yake na picha ya Rodell akiwa amevaa joho la kuhitimu. Miaka minne ilikuwa imepita. Picha ilikuwa ukutani, sufuria zilikuwa jikoni, na hakuna aliyewahi kusema neno kuhusu kuondoka.

Kisha, Alhamisi moja ya kiangazi cha pili, mazoezi ya mwisho ya msimu yalipokwisha, Warren alimsindikiza Delphine kwenye gari. Dess alikuwa bado anaoga. Joto la Virginia lilikuwa limekaa juu ya lami, na mkono wa Warren ulikuwa umeshika mlango wa gari kama mtu anayeogopa usije ukafunguka.

"Nataka kukuoa," alisema. "Nilitafuta namna nzuri ya kulisema nikaikosa."

Delphine alitaka kusema ndiyo palepale. Lakini akilini alimwona mama mkwe wake jikoni, akimenya maharage mabichi, na picha ya mwanawe nyuma yake.

"Nipe mpaka Jumamosi," alisema. "Shindano liishe. Jioni uje kula nyumbani. Kabla hujaja nitakuwa nimewaambia, Mama na Dess. Halafu nitakujibu mbele yao."

"Nimengoja muda mrefu kuliko hapo kwa mambo madogo kuliko haya," Warren alisema, akauachia mlango.

*

Jumamosi ilikuwa shindano la mwisho la msimu, Fisimaji wa Briar Glen dhidi ya watoto wa Stonehurst, na jua lilikuwa kali kabla hata ya nyimbo za timu. Mama Nadine alikaa chini ya hema kwenye kiti chake kilichokunjuliwa mapema, kofia ya majani kichwani, miguu imewekwa mbali na maji. Hakuwahi kujifunza kuogelea. Alipokuwa msichana, bwawa la mji wao halikuwa la watu weusi kama yeye, na alipokuwa mkubwa aliona amechelewa. Lakini hakukosa shindano hata moja la Dess. Alikuwa akipiga kelele za kushangilia kwa sauti ileile aliyoimbia kwaya, na wazazi wa timu pinzani walikuwa wameshamzoea.

Mwaka huu Warren hakusimama tena na Delphine. Timu ilikosa mwamuzi wa mitindo, naye akasomea kazi hiyo majira ya baridi. Sasa alivaa fulana nyeupe na kutembea kandokando ya bwawa, kazi yake kutazama mikono na miguu ya watoto: nani amepiga teke lisiloruhusiwa, nani amegusa ukuta vibaya. Akiona kosa huinua mkono mmoja juu, wazi, na kuushikilia hapo mpaka mwamuzi mkuu auone.

Dess alikuwa na miaka tisa na alikuwa hajawahi kupata utepe wa buluu, ule wa mshindi wa kwanza. Alikuwa na mwekundu mmoja, nyeupe kadhaa, na zile za rangi nyingine ambazo watoto hupewa ili wasilie. Mtindo wake ulikuwa wa chura, kwenda na kurudi, na wiki nzima alikuwa amelala na miwani ya majini chini ya mto.

"Bibi," alisema akirekebisha kofia yake ya kuogelea, "leo niangalie kwenye kugeuka. Nikigeuka wa kwanza, hawanipati."

"Mimi nakuangalia tangu unaingia mpaka unatoka, mtoto wangu. Sipepesi."

Delphine alikuwa kwenye njia ya pili na saa yake. Dess alikuwa njia ya tano. Taa ikamulika, maji yakapasuka, na wasichana sita wakazama na kuibuka. Dess alitangulia. Mabega yake madogo yalipanda na kushuka kwa utulivu ambao Delphine hakuwahi kuuona kwake, na kutoka hemani sauti ya Mama Nadine ilikuwa inamsukuma. Msichana wa Stonehurst wa njia ya nne alikuwa ubavuni mwake. Wakaufikia ukuta wa mbali karibu pamoja. Dess akageuka haraka, haraka mno, akajisukuma kurudi.

Na kule ng'ambo, juu ya kichwa chake, mkono wa Warren ukainuka.

Delphine aliuona. Alijiambia ni wa njia nyingine. Dess akaogelea kurudi, akagusa ukuta mbele ya wote, akavua miwani na kutazama kulia na kushoto, asiamini. Kisha akainua ngumi zote mbili hewani. Mama Nadine alikuwa amesimama kwenye kiti. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, juu ya kiti cha kukunja.

Mwamuzi mkuu akaenda upande wa mbali. Wakanong'onezana. Warren akaandika kitu. Na baada ya muda kidogo kipaza sauti kikasema kwa upole, kama kinavyosema siku zote, kwamba muogeleaji wa njia ya tano ameenguliwa kwa kugusa ukuta kwa mkono mmoja badala ya miwili.

Dess hakulia. Alikaa ukingoni miguu ikiwa majini, akalitazama bwawa kana kwamba jibu liko chini kabisa.

*

"Nilimwona," Mama Nadine alisema Delphine alipofika hemani na taulo. Sauti yake ilikuwa chini, na Delphine alijua kwamba sauti ile chini ni mbaya kuliko juu. "Mkono angani kama polisi wa barabarani."

"Ndiyo kazi aliyopewa, Mama."

"Najua ndiyo kazi. Mtu kazi yake kutafuta nyufa, utashangaa akizitafuta kwa mtoto? Huyu ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuwashinda watu ndani ya maji, Delphine. Wa kwanza. Nilikuwa nimesimama nikimshukuru Mungu, naye yule bwana akamfuta."

"Mama, tafadhali."

"Rodell asingeinua mkono ule."

Hilo lilikuwa jina ambalo likitajwa hakuna lililobaki la kusema. Dess alipofika hemani, Delphine alimfunika taulo mabegani, akamuuliza kama ana njaa, na Dess akatikisa kichwa bila kumtazama.

Wakati wa mapumziko alimkuta Warren nyuma ya kibanda cha vitafunio, anakunywa maji. Alikuwa amesimama kivulini, fulana imemganda mgongoni, na alipomwona Delphine hakutabasamu.

"Yuko vipi?" aliuliza.

"Unafikiri yuko vipi?"

"Nafikiri moyo umemuuma."

"Basi wajua." Delphine alikunja mikono. "Hakuna mtu mwingine aliyeona. Mwenzako alikuwa anaangalia njia za upande wa pili. Ungeweza kutazama pembeni."

"Ningeweza."

"Kosa dogo la mtoto wa miaka tisa. Mkono mmoja badala ya miwili."

"Asubuhi hii nimemtoa kijana wa Stonehurst kwa kosa hilohilo," Warren alisema. "Miaka minane. Alitoka majini analia, mama yake akamwambia aje aniambie asante. Akaja, Delphine. Kamasi zinamtoka, akanipa mkono. Sasa nikimwachia Dess kwa sababu nampenda mama yake, yule mtoto nilimfanyia nini?"

"Simjui yule mtoto. Namjua wangu."

"Najua."

"Siku ya leo, Warren. Kati ya siku zote. Nilitaka kuongea nao leo. Sasa nikaseme nini pale hemani? Kwamba yule aliyeinua mkono anakuja kula jioni na anataka kukaa nasi maisha?"

Warren aliizungusha chupa ya maji mkononi. "Mkono wangu ulikuwa mzito," alisema mwishowe. "Nataka ulijue hilo. Sijawahi kuinua kitu kizito kama ule mkono. Lakini kama ningeushusha, ningeingia nyumbani kwenu nikiwa mtu anayemdanganya mtoto kwa uzuri, na angekuja kulijua siku moja. Watoto hujua."

"Maneno yako yamenyooka," Delphine alisema. "Mimi nina watu wawili waliovunjika moyo pale kwenye hema." Alivuta pumzi. "Usije leo jioni."

Alimwona akilipokea lile neno. Lilimwingia machoni kwanza, kisha mabegani. Hakubishana.

"Sawa," alisema. "Sitakuja."

Hilo ndilo lililomuuma Delphine zaidi, kwamba hakubishana. Alirudi akipita katikati ya watoto wenye vidole vyekundu kwa unga mtamu wa jeli waliokuwa wakiulamba, huku akitamani angemwita nyuma, na akitamani pia asimwone tena siku ile.

*

Hemani Dess alikuwa ameshakubali nusu ya ndizi. Bibi yake alikuwa anamsuka upya nywele zilizolowa, vidole vikienda polepole.

"Utamwambia kocha akate rufaa," Mama Nadine alisema.

"Hapana, Bibi."

"Kwa nini hapana? Mbele ya macho yangu uligusa ukuta."

"Niligusa kwa mkono mmoja." Dess alitafuna, akameza. "Nilijua palepale. Yule wa pembeni alikuwa ananipita, nikaogopa, nikageuka kabla mkono wa pili haujafika. Nilidhani hakuna aliyeona."

Vidole vya Mama Nadine vilisimama.

"Basi usimkasirikie Bwana Pettus," Delphine alisema kwa upole.

"Nimemkasirikia." Hapo ndipo macho ya Dess yalipoanza kujaa machozi. "Nimemkasirikia sana. Angekuwa mtu mwingine, sawa. Lakini yeye ni wetu."

"Wetu vipi, mpenzi?"

"Si anataka kukuoa?" Dess aliuliza, kama anauliza kama kuna ndizi nyingine. "Alhamisi nilikuwa nimeshatoka kuoga. Nilisimama nyuma ya gari la kina Hollis nikasikia. Nikangoja kidogo ndiyo nikaja, ili msione aibu."

Kule bwawani walikuwa wanawaita wavulana wa kuogelea chali, na kelele za watu zilionekana kuwa mbali sana.

Mama Nadine alimaliza msuko mmoja, akaufunga. "Nenda kaungane na wenzako," alimwambia mjukuu wake. "Karibu mtaitwa kwenye kupokezana." Dess alipokwenda, yule bibi alivua kofia yake ya majani, akaiweka magotini.

"Nilikuwa nitakuambia leo," Delphine alisema.

"Nilijua tangu ile theluji. Hakuna mwanamume anayekwangua barafu ya gari namna ile kwa urafiki." Aliitazama kofia. "Sikuwa najua kama umeshafika huko kwenye ndoa."

"Mama, mimi nilimpenda Rodell."

"Sijasema hukumpenda. Ulimuuguza kuliko nilivyoweza mimi. Sikudai chochote kwa hilo." Sauti yake ikapungua. "Nauliza jambo moja tu. Mimi nitakuwa nani? Mama wa mume aliyefariki, ndani ya nyumba ya mume mpya. Mtu kama huyo huitwaje? Watu wakija, utawaambia huyu ni nani anayepika?"

Delphine hakuwa amelifikiria. Miezi yote ile alidhani mama mkwe wake anamlinda Rodell, kumbe alikuwa anahesabu mahali pa kulala. Alipiga magoti kwenye nyasi, akaishika mikono yake yote miwili iliyonukia mafuta ya nywele.

"Chumba chako ni chako," alisema. "Jiko ni lako. Kama kuna mtu wa kuhama, si wewe."

"Unasema hivyo leo."

"Nasema hivyo, na nimeshamwambia asije jioni."

Mama Nadine aliinua macho. "Umemkataza kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yako na ya Dess."

"Usinitwishe mimi," yule mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile kulikuwa na ukali wa kawaida katika sauti yake, ule wa nyumbani. "Kama humtaki, mkatae kwa kinywa chako. Mimi nimeuliza nitaitwaje. Sijasema umtupe mtu."

Waliitwa wasichana wa kupokezana. Mmoja aogelee chali, wa pili chura, wa tatu kipepeo, wa nne mtindo huru, kila mmoja urefu mmoja wa bwawa. Dess alikuwa wa pili. Angeanzia upande wa mbali na kumalizia huku, na Warren alikuwa ameshahamia upande huu, mikono nyuma, macho kwenye maji.

Dess aliogelea taratibu kuliko asubuhi. Delphine aliliona hilo, na nusu ya bwawa ikaliona. Msichana wa Stonehurst akamtangulia. Alipoukaribia ukuta, Dess alijinyoosha na viganja vyote viwili vikaupiga kwa pamoja, sauti moja, kama mtu aliyepiga meza. Akabaki ameushika, akimtazama Warren usoni kutoka chini. Warren naye alimtazama. Mikono yake haikutoka mgongoni.

Fisimaji walikuwa wa pili. Hakuna aliyewasogelea wa kwanza.

*

Mashindano yakiisha, bwawa hufa haraka. Mahema hushuka, kamba za njia huviringishwa, na kila familia hutafuta soksi moja iliyopotea. Delphine alikuwa anafungua vigingi alipomwona mama mkwe wake ameshainuka. Alikuwa anatembea kwenye saruji iliyolowa, karibu na maji kuliko alivyowahi kukaribia, kofia kichwani, akishika hewa kwa mkono mmoja. Alikuwa anakwenda kwa Warren.

Delphine aliacha kigingi, akamfuata, akasimama nyuma kidogo.

"Bwana Pettus," Mama Nadine alisema.

Warren aliiweka kamba chini. "Bi Nadine."

"Ulimuumiza mjukuu wangu."

"Ndiyo, mama."

"Na ikitokea tena utafanya hivyohivyo?"

Warren hakumtazama Delphine ili asaidiwe. "Ndiyo, mama. Nitafanya."

Mama Nadine alitazama maji. Jua lilikuwa limetulia juu yake, na hakukuwa na mtoto hata mmoja ndani.

"Mwanangu asingefanya," alisema. "Nimesema hivyo asubuhi nikijisifu. Nimekaa pale hemani nikalifikiri vizuri. Rodell angetazama pembeni, halafu angemnunulia aiskrimu, na huyo mtoto angekwenda kulala anajua ameiba. Nilimlea mimi, namjua. Alikuwa mtamu, na kila kitu kigumu alimwachia mkewe." Kidevu chake kilitetemeka, akakisubiri kitulie. "Haimaanishi simlilii."

"Sikudhani hivyo," Warren alisema. "Na mimi sitakuomba uiondoe picha yake. Nimeiona mara nyingi pale ukutani. Naipenda. Amefanana na Dess akicheka."

"Huwezi kujua alivyokuwa akicheka."

"Hapana. Ningependa kuambiwa."

Mama Nadine aliirekebisha kofia yake.

"Kesho ibada inaisha saa sita," Mama Nadine alisema hatimaye. "Tunakula saa saba. Napika kuku na maharage, na sipendi kumngoja mtu mezani. Na hilo la Bi Nadine uliache. Bi Nadine ni wa watu wanaoleta barua. Mtu anayekula kwangu Jumapili ananiita Mama Nadine, na wakija wageni wakiuliza mimi ni nani, hivyohivyo ndivyo utakavyowajibu. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama Nadine."

"Haya." Alimpa mkono wake. "Nishike nitoke kwenye maji haya kabla sijaanguka."

Akamshika, akampeleka hatua kwa hatua mpaka kwenye nyasi, ambako Dess alikuwa amekaa juu ya kasha la barafu na kuwaangalia wote watatu bila kujificha. Dess alimtazama Warren kwa muda.

"Bado nimekasirika," alimwambia.

"Ni haki yako."

"Mpaka Jumanne, labda."

"Nitangoja," Warren alisema, na akasema kwa uzito uleule ambao angemwambia mtu mzima.

Dess alimshika bibi yake mkono, wakatangulia kuelekea garini. Delphine na Warren wakabaki na hema lililoanguka kati yao. Delphine alikuwa amechoka, nywele zake zilikuwa zimejikunja kwa mvuke, na miguu yake ilikuwa michafu kwa nyasi na saruji. Hakuwahi kujiona hafai namna ile kwa jambo zito. Lakini hakutaka tena kungoja mahali pazuri, wala siku nzuri, wala mtu yeyote amkubalie kwanza.

"Warren."

Aliinama akiokota vigingi. "Mm."

"Nakubali."

Akasimama wima. Vile vigingi alivyokuwa ameviokota vyote vikamdondoka, akavitazama chini kana kwamba ni vya mtu mwingine. Kisha yule mtu wa maneno machache akaruka hema, akamkumbatia pale kwenye nyasi mbele ya wazazi wa Stonehurst waliokuwa bado wanatafuta soksi, na Delphine akauweka uso wake kifuani kwake, kwenye fulana ile nyeupe iliyonuka klorini na jua, akausikia moyo wa Warren unakwenda mbio kuliko wake yeye.

"Mama," Dess aliita kutoka kwenye gari, "Bibi anasema kuna joto humu ndani, na kama mmemaliza kuoana, tuondoke."